Shajara ya mradi: kupima presha Mbuyuni kabla magari hayajashusha mzigo

Januari 12

Mradi una kazi moja. Tutapima presha za watu wa kazi za kutwa katika soko la Mbuyuni hapa Moshi, kisha tutahakikisha kwamba aliyekutwa na presha ya juu anafika kliniki, anaanza dawa, na mwezi unaofuata anarudi kuchukua nyingine. Kupima ni rahisi. Kurudi mwezi unaofuata ndipo watu wanapopotelea, na hapo ndipo nitakapoandika zaidi.

Wenzangu wa mwaka wa nne wa udaktari wananiuliza kwa nini nimechagua mjini, wakati watu wenye shida wako vijijini. Jibu langu lilianzia wodini. Mwaka jana, nikiwa zamu ya magonjwa ya ndani, nilikuwa nachukua historia za wagonjwa wa kiharusi. Swali la makazi huwa tunalipita haraka. Nilitegemea kusikia Same, Rombo, Simanjiro, na kweli wa huko wapo. Lakini majina yaliyojirudia yalikuwa ya hapahapa Moshi mjini: Pasua, Njoro, Majengo, Kaloleni. Hao ni watu ambao wakipanda bodaboda wanafika hospitali kabla chai haijapoa. Hospitali ya rufaa ya KCMC imesimama pale juu tangu 1971, na hawa wameishi chini yake maisha yao yote. Nilipouliza mara ya mwisho kupimwa presha, wanaume wengi walijibu hawajawahi. Wanawake wengi walipimwa mara ya mwisho walipokuwa wajawazito, na mtoto wa mimba ile sasa ana watoto wake.

Mmoja alikuwa fundi viatu, mkono wa kulia haukuinuka tena. Nilimuuliza mkewe kama walijua kwamba ana presha. Akaniambia, "Tungejuaje mwanangu, na yeye alikuwa haumwi?" Alikuwa sahihi kabisa. Presha ya juu haiumi. Inanenepesha misuli ya moyo na kukaza mishipa ya ubongo na ya figo kimyakimya kwa miaka, na wakati huo wote mtu anaamka, anafanya kazi, anacheka na wenzake.

Nchi yetu ina historia nzuri ya kupeleka tiba vijijini. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zahanati zilijengwa kwa wingi katika miaka ya 1970. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 hadi 2017 uliweka lengo la zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Ninaunga mkono kila shilingi iliyokwenda huko. Ila mahesabu yale yalipima umbali kwa kilomita, na kwa kilomita mtu wa Pasua hana shida. Shida yake ni saa. Kuli wa Mbuyuni anapata hela yake kati ya alfajiri na saa nne asubuhi, magari yanaposhusha mzigo, na hizo ndizo saa za foleni kliniki. Akiiacha gari akapange foleni, jioni watoto wanalala bila kitu. Mtu huyu yuko mbali na hospitali kama aliye Simanjiro, na hakuna ramani inayomwonyesha.

Ninataka kuwa daktari wa watu hawa. Nimeliandika hapa ili nilisome tena nikiwa nimechoka.

Januari 26

Vibali vimekamilika. Barua ya msimamizi wangu chuoni, kibali cha Mganga Mkuu wa Manispaa, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa, uongozi wa soko. Ilichukua muda, na kila ofisi iliuliza jambo la maana. Mwenyekiti wa mtaa aliuliza swali bora kuliko yote: "Mkishampima mkamwambia ana presha, halafu?" Nilimweleza kwamba hatutampima mtu yeyote kabla hatujajua atapelekwa wapi na nani atamfuatilia. Akanikutanisha na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayefanya kazi kwenye mtaa wake, mama wa makamo anayejua kila mlango na kila mpangaji. Tangu siku ile mradi una watu wawili, na yeye ndiye mkubwa.

Mashine ya kwanza ya kupimia presha nimeinunua kwa hela ya bumu, posho yangu ya mkopo wa chuo. Ya pili tumeazimwa.

Februari 3

Tumeanza. Saa kumi na moja kasorobo alfajiri tulikuwa langoni na meza moja, viti viwili na taa ya kuchaji. Baridi ya mlima ilikuwa inakata. Makuli walikuwa wamekaa juu ya magunia matupu wakisubiri Fuso la viazi.

Darasani tumefundishwa masharti ya kupima presha: mtu akae dakika tano bila kuongea, mgongo uegemee, miguu ikanyage chini bila kupishana, mkono uwe usawa wa moyo, asiwe ametoka kuvuta sigara wala kunywa kahawa, na upime mara mbili. Kliniki yenye foleni ndefu mara nyingi hukosa nafasi ya dakika hizo tano. Sokoni alfajiri zipo. Gari likishafika, hazipo tena, kwa sababu mtu aliyetoka kubeba lumbesa mgongoni presha yake imepanda kwa kazi, na ukimwambia apumzike dakika tano unakuwa umempokonya mzigo unaofuata. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba taa za gari zikionekana barabarani, kupima kunasimama na kila mtu anaenda kutafuta riziki.

Jambo moja kuhusu mikono. Kijana wa pili kukaa kwenye kiti alikuwa na mkono mnene kama paja langu, kwa sababu ya magunia. Mkanda wa kawaida wa mashine umetengenezwa kwa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Fundi cherehani aliyekuwa anafungua kibanda chake jirani alituazima futi, tukapima: sentimita 36. Mkanda mdogo kwenye mkono mkubwa unasoma presha juu kuliko ilivyo, na mtu mwenye afya kabisa angeondoka na ugonjwa wa kupewa. Tulikuwa na mkanda mkubwa mmoja ndani ya begi, tukautumia. Tangu hapo futi inakaa mezani na kila mkono unapimwa kwanza. Mikono ya soko hili inahitaji mikanda mikubwa zaidi ya mmoja, na nimeiweka juu kabisa kwenye orodha ya mahitaji.

Kuanzia 140 kwa 90 tunaandika jina na kumwomba mtu arudi siku nyingine, kwa sababu kipimo cha siku moja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Akifika 180 kwa 120 tunampima tena baada ya kupumzika, na kama anaumwa kichwa sana, kifua kinambana, au macho yana ukungu, anapelekwa hospitali saa ileile. Mimi ni mwanafunzi. Siandiki dawa. Ninaandika barua ya rufaa na kuhakikisha inafika.

Wananiita dokta. Kila mara ninawaambia bado nasoma, nao wanasema, "Sawa dokta."

Februari 10

Leo nilikaa na mama lishe anayepikia sehemu kubwa ya makuli. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda bila kuacha kukuna nazi. Nilimweleza kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha kila kitu alichokula. Akasimamisha mkono. Alichukua kijiko chake, akakijaza chumvi, akakitazama, kisha akatazama sufuria ya maharage. Hakusema neno kwa muda.

Halafu akaniuliza kuhusu magadi, na swali lake nimelibeba hadi chuoni. Maharage yake na kiburu chake, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, vinaiva haraka kwa magadi, na mkaa ni ghali. Magadi ni chumvichumvi ya sodiamu, na sodiamu ndiyo ile ile inayotufanya tuogope chumvi ya mezani. Tunawaambia watu wapunguze chumvi, hatusemi neno juu ya magadi, wakati jiko la kaskazini haliendi bila hayo. Na huku kwetu, kuanzia Moshi hadi Meru, magadi yana mzigo mwingine wa floraidi, ambayo tayari imejaa kwenye maji ya maeneo mengi ya mlima Meru na kuchafua meno ya watoto. Nilimshauri aloweke maharage usiku kucha na kumwaga maji ya kulowekea, ili yaive bila magadi au kwa magadi kidogo sana. Akasema atajaribu kwenye sufuria moja kwanza aone mkaa utatumika kiasi gani. Ndivyo utafiti unavyofanywa.

Kuhusu chumvi, alikataa kuipunguza kwa mkupuo kwa sababu wateja wangehamia kwa jirani. Anapunguza taratibu, na anaongeza limau, tangawizi na hoho. Kopo la chumvi ameliondoa mezani, anayetaka anaomba. Watu wale wanakula kwake asubuhi na mchana, siku sita kwa wiki. Sufuria yake inagusa mishipa ya watu wengi kuliko nitakaowagusa mimi mwaka mzima, na nimemwambia hivyo. Alifurahi waziwazi.

Februari 24

Ramadhani imeanza. Waliofunga walikuwa wameacha dawa zao wakidhani hazilingani na swaumu. Dawa ya kunywa mara moja kwa siku inaweza kunywewa wakati wa futari au daku, na kwa wengi hilo linatosha, ila kila mmoja tumemwambia athibitishe kwanza na daktari wake. Imamu wa msikiti wa jirani alikubali kulitangaza baada ya tarawehe. Ni tangazo fupi tu, lakini asubuhi iliyofuata foleni yetu ilikuwa ndefu.

Machi 9

Ninaandika juu ya muuza ndizi mmoja, mama mwenye umri wa kunizaa, kwa sababu amenifundisha jambo ambalo halimo kwenye vitabu nilivyosoma.

Presha yake ilikuwa juu, akaenda kliniki, akapewa dawa, akarudi nayo. Wiki tatu baadaye presha iko palepale. Kwenye kadi yake dawa ilikuwa ni ile ya jamii inayotoa maji na chumvi mwilini kwa njia ya mkojo. Ni dawa nzuri, ya bei nafuu, na inaanziwa na wagonjwa wengi duniani. Nilimuuliza kama anaimeza. Akaniangalia kwa muda, akashusha sauti: "Mwanangu, mimi nakaa hapa kutoka giza mpaka giza. Nikienda choo nalipa. Na nikiondoka, nani anaangalia ndizi?"

Hasa wiki za mwanzo dawa ile inampeleka mtu msalani mara nyingi. Kila safari kwake ni hela, ni mteja aliyepita, ni mkungu unaoweza kuondoka na mtu. Nilifikiria ainywe jioni. Akanieleza kwamba choo cha nyumba waliyopanga kiko nje, wanachangia kaya kadhaa, na usiku yeye na binti zake hawatoki peke yao. Kwa hiyo dawa ilikaa ndani ya mfuko wa nailoni, kamili, imefungwa fundo.

Wodini mgonjwa huyu angeandikwa "hafuati matibabu". Niliyaandika maneno hayo mara nyingi wakati wa mafunzo, kama tulivyofundishwa, na sasa kila nikiyaona nauliza choo kiko wapi. Niliandika barua kwa daktari wa kliniki nikieleza mazingira ya kazi yake, bila kupendekeza dawa. Daktari aliisoma, akambadilishia, akampa amlodipine, ambayo haimpeleki msalani. Tumemwonya kwamba miguu inaweza kuvimba kifundoni, na akiona hivyo asiache dawa kimyakimya, aje aseme.

Kuna wengine wenye hadithi za namna hii. Yupo aliyemaliza pakiti ya kwanza akaamini amepona, kama ambavyo mtu humaliza dozi ya malaria. Yupo dereva wa bodaboda aliyeacha kwa sababu wenzake kijiweni walimwambia dawa za presha zinamaliza nguvu za kiume. Huyo alihitaji kuongea na mwanaume mwenzake, nikamwita mwanafunzi mwenzangu wakaongea pembeni. Mwingine alikuwa anakohoa usiku kucha kwa captopril, dawa nyingine ya presha, na hakujua kwamba kikohozi kinatokana na kidonge. Kila mmoja ana sababu, na kila sababu ukiisikiliza ina akili ndani yake.

Machi 23

Leo nimewasilisha mbele ya msimamizi na wanafunzi wenzangu. Nilianza na takwimu mbili zinazojulikana. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta karibu asilimia 26 ya Watanzania wenye miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu, yaani zaidi kidogo ya mtu mmoja kati ya wanne. Na utafiti uliofanyika hapahapa Kilimanjaro, uliochapishwa 2015, ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa takriban asilimia 15 ya watu wazima wa mjini na asilimia 2 vijijini. Niliziandika ubaoni na kuziacha hapo mpaka mwisho wa kipindi. Presha na sukari zinaua figo, figo zikifa mtu anahitaji kusafishwa damu mara kadhaa kwa wiki, na hakuna muuza ndizi anayeweza kuibeba gharama hiyo peke yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023 na ninaitarajia kwa moyo wote. Ila bima inalipia dawa. Hailipii asubuhi iliyopotea kwenye foleni.

Msimamizi aliniuliza kama nimefikiria fani ya kubobea. Wengi darasani wanataka upasuaji au moyo, na tunawahitaji. Nikasema udaktari wa familia. Mwenzangu mmoja alisema huko hakuna heshima. Nilimjibu kwamba wiki iliyopita kuli mmoja alikuja na mkewe, na dada yake, na mama mkwe, wote wapimwe, kwa sababu yeye alipimwa na akaelezwa vizuri. Mimi siitafuti heshima nyingine zaidi ya hiyo.

Aprili 6

Masika imeshika. Njia za ndani kule Pasua ni tope tupu, na soko la alfajiri limepungua watu. Tumegeuza: sasa tunawafuata majumbani jioni waliokatika kwenye daftari. Mhudumu wetu wa jamii anatangulia, anabisha hodi, anaamkia wazee, anauliza watoto, na presha inatajwa mwisho kabisa. Nimejifunza kwake kwamba mpangaji hasemi ukweli wa afya yake mbele ya mwenye nyumba, kwa sababu mgonjwa ni mtu anayeweza kushindwa kodi. Tunaongea ndani, mlango ukiwa umerudishwa.

Wengine wamehama. Chumba kimefungwa au kina mpangaji mpya, na jirani anasema walikwenda Arusha, au Mererani kwenye machimbo. Kadi inabaki kwetu na mtu yuko kwingine na presha yake. Kijijini ukimkosa mtu utamkuta kwa kaka yake. Mjini mtu anaondoka na namba ya simu anabadilisha. Tumeanza kumpa kila mmoja nakala ya kadi aitunze mwenyewe, ndani ya mfuko mgumu wa plastiki usiopitisha maji, yenye vipimo vyote na jina la dawa kwa maandishi makubwa, ili popote atakapofika daktari asianze upya.

Aprili 20

Habari kubwa ya mradi huu mpaka sasa. Kituo kimoja cha afya kimekubali kujaribu dirisha la alfajiri, mara mbili kwa wiki, kwa wagonjwa wa presha ambao hali zao zimetulia. Muuguzi mmoja na mfamasia wanaanza mapema. Mgonjwa anapimwa, anachukua dawa za mwezi, anaondoka, na kabla mzigo haujaanza kushuka yuko langoni Mbuyuni. Daktari anamwona kila baada ya miezi mitatu, au mapema kama vipimo vimepanda. Muuguzi aliyejitolea kuanza ni binti wa mama lishe wa soko lingine. Alisema hakuhitaji kuelezwa sababu.

Siku ya kwanza ya dirisha nilisimama nje kuangalia. Muuza ndizi alikuja wa tatu, amejifunga khanga mbili kwa baridi, kadi yake mkononi. 134 kwa 82. Aliniomba nimsomee tena. Nikamsomea.

Mwezi ujao naanza zamu ya watoto na sitaweza kuwepo sokoni kila alfajiri. Wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu wamechukua nafasi, na mhudumu wa jamii anabaki kuwa kiongozi wa mradi. Nimemkabidhi daftari, futi, na mikanda mikubwa miwili tuliyopata wiki hii. Mama lishe amesema sufuria moja ya maharage bila magadi inauzika, na ameongeza ya pili. Tunachotafuta sasa ni vijiti vya kupima protini kwenye mkojo, ili tujue figo za nani zimeanza kuguswa. Jumamosi tunakutana na viongozi wa wauza mitumba wa Memorial, ambao wametuomba wenyewe meza ya alfajiri upande wao.